Nataka kuwa wakala wa wachezaji: je, nianze na mdogo wangu?

Swali: Shikamoo kaka. Wewe ni wakala, nakuomba ushauri. Mimi ni mwanamke wa miaka 27, ni mhasibu. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 20, ni winga, anacheza ligi daraja la pili, na mkataba wake unaisha baada ya miezi mitano. Wiki iliyopita mtu mmoja anayejiita wakala amemletea karatasi asaini: awe mwakilishi wake pekee kwa miaka 5, mkataba ujirefushe wenyewe iwapo hakuna atakayeandika barua ya kuukataa, na dogo akisaini klabu yoyote bila yeye amlipe faini. Nimeisoma nikahisi haiko sawa. Nikajiuliza, kwa nini nisiwe mimi wakala wake? Kazi hii nimeiwaza muda mrefu. Je, lazima niwe mwanasheria? Leseni inapatikanaje? Wakala anafanya nini hasa, na analipwaje? Na naweza kuanza na mdogo wangu?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nitajibu yote, ila nianze na ile karatasi kwa sababu haisubiri.

Asiisaini. Umeisoma kwa jicho la mhasibu, na jicho halikukudanganya. Kwa kanuni za mawakala za FIFA, zilizopitishwa Desemba 2022 na kuanza kutumika kikamilifu Oktoba 1, 2023, mkataba wa uwakilishi kati ya mchezaji na wakala hauruhusiwi kuzidi miaka 2. Kipengele cha kujirefusha wenyewe ni batili. Muda ukiisha mnakaa tena, na kama bado mnaelewana mnasaini upya. Lile la faini ndilo baya kuliko yote. Kanuni zinasema wazi kwamba kipengele kinachomzuia mchezaji kujadili na kusaini mkataba wake mwenyewe, au kinachomwadhibu akifanya hivyo, hakina nguvu. Mtu aliyeyaweka mambo matatu ya namna hiyo kwenye karatasi moja, ama hazijui kanuni za kazi yake, ama anazijua na ametegemea kwamba dogo hazijui. Kwa mdogo wako matokeo ni yaleyale.

FIFA ina orodha ya mawakala wenye leseni kwenye tovuti yake, na kila mtu anaweza kuiangalia. Tafuta jina la huyo bwana leo hii. Lisipokuwepo, mazungumzo yameishia hapo. Likiwepo, bado ana wajibu wa kumshauri mchezaji kwa maandishi kwamba anaweza kutafuta ushauri huru wa kisheria kabla ya kusaini. Muulize huo ushauri aliutoa lini.

Sasa tuje kwako.

Zamani ningekwambia endelea. Kanuni zilizokuwapo kabla ya 2015 zilimruhusu mzazi, ndugu wa damu, mume au mke kumwakilisha mchezaji bila leseni. Mwaka 2015 FIFA ikaiondoa leseni yenyewe, kila shirikisho likaachiwa kuwasajili watu wa kati kwa utaratibu wake, na uwanja ukajaa kila aina ya mtu. Leseni iliporudi 2023, msamaha wa ndugu haukurudi nayo. Leo anayezungumza na klabu kwa niaba ya mchezaji kwa lengo la kufikia usajili anafanya kazi ya wakala, hata wawe wamenyonya ziwa moja.

Na kuna jambo linaloweza kukuumiza usipoliangalia mapema. Mwombaji wa leseni hatakiwi awe amebainika kufanya kazi ya uwakala bila leseni katika miezi 24 kabla ya kuomba. Ukimpigia simu mkurugenzi wa klabu kesho ukamwambia "mimi ndiye ninayemsimamia dogo, tuongee mshahara", na jambo hilo likaja kufikishwa panapohusika, unaweza kuwa umejifungia mlango ambao hata hujaugonga. Kwa hiyo kwa sasa baki dada. Dada anaruhusiwa mengi: kusoma mkataba usiku kucha, kupiga hesabu, kutunza faili, kumtafutia mwanasheria wa kumshauri, kumfundisha maswali ya kuuliza. Mdomo unaoongea na klabu uwe wake mwenyewe, au wa mtu mwenye leseni.

Hapana, si lazima uwe mwanasheria. FIFA haidai shahada yoyote. Ukienda soka la Kimarekani, hapo chama cha wachezaji wa NFL, ligi kuu ya mchezo huo, kinataka shahada ya kwanza pamoja na ya uzamili au ya sheria, ingawa uzoefu wa kutosha wa kujadili mikataba unaweza kukubaliwa badala ya ile ya juu. Ila ukiwatazama waliofika mbali, kila mmoja alipita njia yake. Rafaela Pimenta, Mbrazili anayemwakilisha Erling Haaland, ni mwanasheria; alifanya kazi na Mino Raiola kwa miaka mingi na akashika usukani Raiola alipofariki Aprili 2022. Raiola mwenyewe alikulia katika mgahawa wa piza wa familia yake Uholanzi, akijifunza lugha na watu kwa wakati mmoja. Jorge Mendes alikuwa na biashara za burudani Ureno kabla ya kumsaidia golikipa Nuno Espírito Santo kuhamia Deportivo La Coruña katika miaka ya tisini. Scott Boras wa besiboli alicheza ligi za chini, akasomea famasia, kisha sheria. Nimemtaja Pimenta kwanza makusudi, maana utaingia vyumba ambamo mwanamke ni wewe peke yako, na wapo watakaokuuliza bosi wako anafika saa ngapi.

Uhasibu wako ni mtaji mkubwa kuliko unavyodhani. Nitaurudia mbele kidogo.

Leseni ya FIFA hupewa mtu, si kampuni. Unaomba kupitia jukwaa la mawakala la FIFA mtandaoni, unaeleza historia yako (hukumu za jinai kama rushwa, utapeli, ukwepaji kodi na upangaji matokeo zinakutoa; hutakiwi pia kuwa na maslahi kwenye klabu au kampuni ya kubashiri), unafanya mtihani, ukifaulu unalipa ada ya mwaka ambayo ni dola 600. Baada ya hapo kuna mafunzo endelevu kila mwaka, na usipoyafanya leseni inasimamishwa. Baadhi ya nchi, Ufaransa na Italia zikiwamo, zina sheria zao za ziada juu ya zile za FIFA, kwa hiyo ukitaka kufanya biashara huko unasoma mara mbili.

Mtihani una maswali 20 ya kuchagua jibu, dakika 60, na unatakiwa upate 15. Unafanyika kwa Kiingereza, Kifaransa au Kihispania. Ule wa kwanza wa Aprili 2023 walioufanya walikuwa 3,800, na waliofaulu ni 1,962, yaani nusu na kidogo. Unaruhusiwa kufungua vitabu, na ruhusa hiyo inadanganya. Dakika tatu kwa swali hazitoshi kutafuta kitu usichokijua mahali kilipo ndani ya mamia ya kurasa. Kanuni ya hadhi na uhamisho wa wachezaji ndiyo uti wa mgongo. Kanuni za mawakala unazisoma mpaka uziote usingizini. Kisha zile za nidhamu, maadili, taratibu za mahakama ya soka na ulinzi wa watoto.

Usisome kama unayekariri. Jitungie visa. Kijana wa miaka 17 amesaini mkataba wa miaka 5: una nguvu? Jibu ni kwamba aliye chini ya miaka 18 hawezi kufungwa zaidi ya miaka 3, inayozidi haitambuliwi. Klabu imesaini mchezaji "kwa sharti la kufuzu vipimo vya afya", kisha ikamkataa baada ya vipimo: imeruhusiwa? Haijaruhusiwa, vipimo hufanywa kabla ya kalamu, na mkataba hauwezi kutegemea matokeo yake wala kibali cha kazi. Ukitunga visa hamsini vya namna hii na kuvijibu ukitaja namba ya kifungu, mtihani utakuwa mwepesi, na baadaye mezani hutababaika.

Kuhusu fedha nitakuwa mkweli kwako, kwa sababu hapa ndipo vijana wengi huingia wakiwa na picha ya gari na kutoka wakiwa na madeni. Kanuni za 2023 ziliweka ukomo. Ukimwakilisha mchezaji unapata hadi asilimia 5 ya mapato yake yasiyozidi dola 200,000 kwa mwaka, na asilimia 3 ya kinachozidi hapo. Ukiiwakilisha klabu inayouza, hadi asilimia 10 ya ada ya uhamisho. Mawakala wakaenda mahakamani, na Desemba 30, 2023 FIFA ikasimamisha dunia nzima baadhi ya vipengele, huo ukomo ukiwa mmojawapo, kusubiri uamuzi wa mahakama za Ulaya. Sharti la leseni halikusimamishwa. Kwa hiyo kabla ya kuandika asilimia kwenye karatasi yoyote, soma waraka wa mwisho wa FIFA na kanuni za shirikisho lako.

Tuchukue asilimia 5 tupige hesabu pamoja. Mchezaji wako anapata dola 36,000 kwa mwaka, mkataba wa miaka 2. Kamisheni yako ni dola 1,800 kwa mwaka. Mkikubaliana ulipwe kila miezi mitatu kadiri naye anavyolipwa, ni dola 450 kwa awamu. Awamu ya kwanza haijarudisha hata ada ya leseni. Hujalipa nauli ya kwenda kumwona akicheza, wala mwanasheria aliyepitia mkataba, wala kodi. Ukiwa na wachezaji kumi wa kiwango hicho una dola 18,000 kwa mwaka kabla ya gharama, na wachezaji kumi ni simu kumi, familia kumi, na magoti ishirini ya kuombea. Mwaka 2023 klabu zililipa mawakala zaidi ya dola milioni 888 katika uhamisho wa kimataifa, na namba hiyo ndiyo inayovuta watu. Kazi ya kila siku ya walio wengi ni ile ya dola 450.

Ndiyo maana nasema usiache ajira yako mwaka huu, wala ujao.

Sasa kazi yenyewe. Watu wanaiona siku ya kusaini: jezi, kamera, tabasamu. Siku hiyo ndiyo inayotulipa, lakini mchezaji anatuhitaji siku nyingine zote, na nimeona mawakala wazuri na wabaya wakitofautiana hapo tu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na beki wa kushoto wa miaka 19. Klabu kubwa kuliko zote alizowahi kuziota ilimwita. Tulipofika, jezi yenye jina lake ilikuwa imekunjwa juu ya meza, mpiga picha amesimama mlangoni, mkataba wa kurasa 14 uko mbele yetu umeshafunguliwa ukurasa wa mwisho, penye mstari wa sahihi. Nikaomba nusu saa. Nikarudi ukurasa wa kwanza. Ukurasa wa 9, katikati ya aya inayohusu nidhamu na mavazi ya safari, kulikuwa na sentensi moja: klabu itakuwa na hiari ya kuongeza mkataba kwa miaka 2 kwa masharti yaleyale. Maana yake mkataba wa miaka 3 ulikuwa wa miaka 5 kwa upande wa klabu na wa miaka 3 kwa upande wa kijana, na mshahara wa umri wa miaka 19 ungemfuata mpaka 24, wakati beki anaanza kukomaa.

Nikasema hatusaini leo. Mkurugenzi akasema hiyo ni lugha ya kawaida, kila mtu anaisaini. Mpiga picha akaondoka. Kijana hakunisemesha njia nzima, na siku ya pili yake mama yake alinipigia akiuliza kama nimetumwa na klabu nyingine. Zilikuwa siku 9 za kukosa usingizi, maana kama wangeghairi ningekuwa nimeivunja ndoto ya mtu kwa sababu ya mstari mmoja. Hawakughairi. Tulimaliza kwa hiari ya mwaka 1, nyongeza ya mshahara ikiwa imeandikwa kwa namba, na klabu ikalazimika kumjulisha kwa maandishi siku 60 kabla. Siku ya kusaini mpya mama yake alikaa pembeni yangu akafuata kila aya kwa kidole. Yule mama alinifundisha kitu: tangu hapo mkataba wa mchezaji wangu naufafanua mbele ya mtu mmoja wa nyumbani kwake, anayeaminiwa, kwa lugha wanayoongea nyumbani.

Nimekosea pia. Mchezaji wangu mmoja, kiungo, alikatika kano ya goti, miezi mitatu kabla ya mkataba wake kuisha. Nilikuwa nimepigania mshahara, bonasi, nyumba, tiketi za familia. Sikuwa nimeandika ni nani atagharamia matibabu iwapo mkataba utaisha akiwa bado majeruhi. Uliisha akiwa anatembelea magongo. Klabu ilitimiza kila kilichoandikwa, na kilichoandikwa nilikiandika mimi. Nilihangaika kumtafutia fedha za mazoezi ya viungo kwa karibu mwaka mzima, na alirudi uwanjani, ila hakurudi yuleyule. Siku hizi ninapokaa na klabu swali langu la kwanza si mshahara. Ni bima, na inafika mpaka siku gani.

Hapa ndipo uhasibu wako unapoingia. Wachezaji wengi, na mawakala wengi, husikia namba moja tu. Wewe utauliza: ni kabla ya kodi au baada? Inalipwa kwa sarafu gani, na ikiporomoka nani anabeba hasara? Miezi 12 au miezi ya msimu tu? Bonasi ya mechi 20, ni mechi "alizoanza" au "alizocheza"? Nimemwona mshambuliaji akifika mechi 19 za kuanza na kisha akakaa benchi mpaka msimu ukaisha. Siwezi kuthibitisha kitu, ila tangu siku hiyo bonasi za aina hiyo nazigawa: kiasi fulani akifika 10, kingine 15, kingine 20, ili hakuna mechi moja yenye thamani ya fedha zote. Kipengele cha kuvunja mkataba kina kiasi gani, na kinatumika dirisha lipi la usajili? Timu ikishuka daraja mshahara unapungua, je, ikipanda unaongezeka? Haki za picha zake zinabaki kwa nani? Haya maswali hayahitaji shahada ya sheria. Yanahitaji mtu asiyeona aibu kuuliza swali la pili.

Kisha kuna mishahara isiyolipwa, ambayo ni sehemu kubwa ya kazi yetu kuliko usajili. Ukurasa wa kanuni unaopaswa kuukariri ni huu: klabu ikishindwa kumlipa mchezaji angalau mishahara miwili ya mwezi kwa tarehe zake, mchezaji anaweza kuiandikia kuidai na kuipa siku zisizopungua 15 ilipe deni lote, muda huo ukipita bila malipo, anakuwa na sababu halali ya kuvunja mkataba. Nimeshaona mchezaji aliyeondoka kambini kwa hasira siku ya 10, akageuka yeye kuwa mkosaji. Wakala mzuri anahesabu siku, anatunza risiti ya barua, anamwambia mchezaji aendelee kwenda mazoezini na ajipige picha akiwa pale.

Mengine ni madogo na yanakula usiku wako: viza, akaunti ya benki, nyumba yenye jiko, mkataba wa viatu, kocha asiyemchagua, mpenzi aliyemwacha wiki ya mechi kubwa, binamu anayetaka mtaji. Mchezaji wa miaka 20 aliye peke yake nchi ya kigeni anapiga simu saa nane usiku kwa sababu hawezi kulala, na hakuna kifungu kinachosema upokee. Unapokea.

Mambo mawili sitayapunguza makali. La kwanza ni watoto. Kumfuata mchezaji ambaye hajatimiza umri wa kusaini mkataba wa kulipwa kunaruhusiwa tu katika miezi 6 ya mwisho kabla ya umri huo kwa sheria ya nchi atakayoajiriwa, tena kwa idhini ya maandishi ya mzazi au mlezi, na wakala awe amepitia mafunzo maalumu ya kuwakilisha watoto. Uhamisho wa kimataifa wa aliye chini ya miaka 18 umekatazwa isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Ukisikia mtu ana "mpango" wa kumpeleka mtoto wa miaka 15 ng'ambo kwa majaribio, usikae naye meza moja. La pili: wakala hachukui fedha kwa mchezaji ili ampeleke majaribio. Familia zimeuza mali zikampa mtu asiye na klabu yoyote nyuma yake, na mtoto akaachwa kwenye hoteli ya mji asioujua. Wakala analipwa kazi ikikamilika, kwa asilimia iliyoandikwa. Anayeanza kwa kuomba ada ya fomu, ada ya barua ya mwaliko na ada ya "kumshika mtu mkono", ni tapeli hata kama ana kadi nzuri.

Kuna pia suala la kuwakilisha pande mbili. Kanuni iliruhusu wakala kumwakilisha mchezaji na klabu inayomnunua kwa pamoja, kwa ridhaa ya maandishi ya wote wawili, na kukataza miungano mingine. Katazo hilo nalo ni kati ya vilivyosimamishwa mwishoni mwa 2023. Mimi ninakaa upande mmoja tu. Sijawahi kuona namna ya kumtafutia mtu mshahara mkubwa asubuhi na kumtafutia mlipaji mshahara mdogo mchana.

Michezo mingine nitaipitia haraka, kwa kuwa umeuliza soka. Mpira wa kikapu una leseni ya FIBA, shirikisho la dunia la mchezo huo, na mtihani wake. NBA iko chini ya chama cha wachezaji, na ukomo wa wakala ni asilimia 4 ya mshahara. NFL ni asilimia 3, na wakala asiyefanikisha mkataba wowote kwa miaka 3 hupoteza usajili wake. Riadha ina wawakilishi wanaotambuliwa na World Athletics, shirikisho la riadha la dunia, na huko mapato ni fedha za mashindano na mikataba ya viatu, hivyo kalenda na afya ya mkimbiaji ndiyo biashara yenyewe. Kama una mchezo mwingine unaoujua tangu utotoni, usiudharau kwa sababu soka lina kelele zaidi.

Unaingiaje? Wakati unasoma, tafuta nafasi hata ya saa chache kwenye ofisi ya wakala mwenye leseni na uwape kile wasichokuwa nacho, ambacho ni hesabu: kulinganisha ofa, kukagua malipo ya bonasi, kupanga kodi. Humo utaona mikataba halisi mia moja kabla ya kuandika wa kwanza. Nenda viwanjani, hasa ligi za vijana na za wanawake, ambako mchezaji mzuri anaweza kumaliza msimu bila wakala hata mmoja kumsalimia. Andika unachokiona: tarehe, nafasi, mguu, dakika, alivyofanya baada ya kukosea. Zungumza na makocha na watunza vifaa. Mtunza vifaa anajua nani anachelewa na nani anabaki kupiga krosi taa zikiwa zimeshazimwa. Na jifunze kumwambia mtu ukweli kuhusu kiwango chake bila kumvunja. Hilo ni gumu kuliko mtihani.

Ukishapata leseni, je, umchukue mdogo wako? Unaweza. Mimi nisingemfanya wa kwanza. Itafika siku utatakiwa kumwambia ofa aliyonayo ni ndogo kwa sababu kiwango chake kimeshuka, na ni vizuri maneno hayo uwe umeshayasema kwa mtu mwingine kabla ya kuyasema kwenye sebule ya wazazi wenu.

Turudi kwake basi, maana miezi mitano inakwenda. Akiwa amebakiza chini ya miezi 6, kanuni ya kimataifa inamruhusu kusaini na klabu nyingine kwa ajili ya baada ya mkataba wake, na klabu hiyo inatakiwa iijulishe ya sasa kwa maandishi kabla ya kuanza mazungumzo. Yuko kwenye kipindi chenye nguvu zaidi alichowahi kuwa nacho, na pengine ndiyo maana huyo bwana wa karatasi amekuja sasa. Kama atahamia nje ya nchi, mjue pia kwamba hajafikisha miaka 23, hivyo klabu mpya inaweza kudaiwa fidia ya mafunzo na klabu zilizomlea, na baadhi ya klabu hurudi nyuma zikiona deni hilo. Andikeni orodha ya klabu zote alizochezea tangu miaka 12, kwa miaka na miezi.

Kisha muulize swali moja: nakala ya mkataba wake wa sasa iko wapi? Wachezaji wengi hawana, ipo kabatini kwa katibu wa klabu. Kama naye hana, aiombe leo kwa barua pepe yenye tarehe, akujumuishe na wewe kwenye nakala. Ikifika, anzia ukurasa wa kwanza, na utafute neno "hiari".